Salamu ya Kidole Kimoja

Alder Ford, Montana
7 Septemba 1986

Shikamoo Babu,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za huyu anayetafuna kamba ya kiatu changu ninavyokuandikia. Anaitwa Tansy. Jina hilo sikumpa mimi. Shule ya mbwa kule California huwapa watoto wa uzao mmoja majina yanayoanza na herufi moja, kwa hiyo huko nje wapo akina Toby na Tess wanaotafuna viatu vya vijana wengine.

Mama anasema ulipoambiwa kwenye simu ulicheka mpaka ukakohoa. Cheka tu. Kazi yangu ni kumlea na kumzoesha dunia: watu, ngazi, kengele ya shule, magari. Mwezi wa nne lori la shule yao litapita kumchukua, akafundishwe kumwongoza mtu asiyeona. Ni marufuku kulala kitandani, marufuku kuonja chakula cha mezani, marufuku kukimbia bila kamba. Ana koti la kijani, na akilivaa anaingia hata kanisani, akalala chini ya benchi kumshinda Mama kwa utulivu.

Ila naogopa, Babu. Bi. Pruitt, kiongozi wa klabu yetu ya vijana wanaolea mbwa hawa, alitukalisha chini siku ya kwanza akasema, "Mbwa akiogopa kitu kimoja tu, basi! Kimoja! Kuna mtu ataishika kamba hiyo katikati ya barabara na roho yake mkononi." Tangu hapo sufuria ikianguka jikoni, namtazama Tansy kabla sijaitazama sufuria. Mpaka leo hajashtuka. Hata radi anaipigia miayo.

Njoo Sikukuu ya Shukrani, Novemba, umwone. Mama anasema atakufuata na gari, eti miwani yako ni ya zamani.

Mjukuu wako,
Maren


Stony Gap
28 Septemba

Kwako Maren, mlezi wa mbwa asiyechunga,

Barua nimeipata. Usishangae maandishi makubwa, kalamu nyembamba zimeniishia na hii ndiyo ninayoandikia magunia ya mbegu.

Maisha yangu yote nimefuga mbwa. Buck wangu alilala nje, alikula alichopewa, na alirudisha ng'ombe zizini bila koti wala cheti. Wako ana koti, ana shule, amekatazwa nyama, na kanisani haendi kwa hiari yake. Huyo si mbwa, huyo ni mtawa.

Hofu usiilete wewe. Mbwa haogopi kitu mpaka mtu amwogopeshe. Ukitulia, atatulia.

Shukrani nitakuja. Mwambie mama yako asije kunichukua kama kifurushi cha posta. Nilikuwa naupanda mlima huu kwa pikapu kabla yeye hajazaliwa, na gari lenyewe linaijua njia. Tena barabarani wananijua wote. Nikikutana na mtu nainua kidole kimoja juu ya usukani, naye anainua chake. Huo ndio ustaarabu wa bonde letu, si kama ninyi wa mjini mnaopishana kama ng'ombe mnadani.

Niwekeeni paja la bata mzinga. Mtawa wako atanitazama nikila.

Babu yako,
Orrin Haugland


Alder Ford
1 Desemba

Shikamoo Bi. Verna,

Ni mimi Maren, mjukuu wa Orrin Haugland. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanikalisha juu ya kaunta ya posta na kunipa stempu zilizochanika nizilambe. Nakuandikia wewe kwa kuwa nyumba yako ndiyo iliyo karibu na ya Babu, na kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Nakuomba usimsomee mtu yeyote.

Babu alikuja Shukrani. Tulifurahi sana. Mezani alimwaga mchuzi wa nyama kando ya sahani, Mama akapangusa. Kisha akampapasa Tansy, mbwa ninayemlea, karibu na mkia, akasema, "Kichwa kizuri hiki, kipana, cha mwenye akili." Tukacheka mpaka Mama akapaliwa. Tulidhani ni utani wake. Sasa nakumbuka kwamba yeye hakucheka.

Ijumaa asubuhi nilikwenda na Tansy darajani. Tulikuwa tunarudi kando ya barabara, yeye na koti lake la kijani, mimi na koti langu jekundu, lile ambalo Mama anasema linaonekana mpaka Canada. Nikaiona pikapu ya Babu inakuja, ameshaanza safari ya kurudi kwake. Nikafurahi, nikampungia mkono. Bi. Verna, Babu akainua kidole kwenye usukani, akanisalimia, na akazidi kunijia.

Hakupunguza mwendo wala hakupiga honi. Alikuwa akinitazama usoni na alikuwa akitabasamu. Niliruka huku nimemkumbatia Tansy, kioo cha pembeni cha gari kikanigonga begani, tukabiringika mtaroni kwenye theluji. Gurudumu lilipita juu ya kamba ya Tansy. Nilipoinua kichwa, gari lilikuwa linapanda kilima taratibu, taa ya kuashiria imewashwa vizuri kabisa.

Nimepata ufa kwenye mtulinga, mfupa ule wa bega. Nimemwambia Mama niliteleza kwenye barafu. Nikimwambia ukweli atakwenda kuchukua funguo za Babu siku hiyo hiyo, na Babu hatamsamehe, wala mimi. Nisipomwambia, Babu atamuua mtu, au atatumbukia bondeni pale juu mlimani. Sili vizuri. Simu ikilia nadhani ndiyo hiyo.

Na Tansy. Mwilini hana hata mkwaruzo. Lakini akisikia mlio wa gari kubwa analala chini kama kitambaa, anajikojolea, na hata nimvute vipi hainuki. Ndani ya ukumbi wa klabu ni yule yule, kwa hiyo hakuna ajuaye.

Niambie ukweli. Babu anaona?

Maren


Stony Gap
9 Desemba

Maren mwanangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Babu yako anaona kandokando. Katikati kumefungwa. Daktari alimwambia tangu masika na hakuna miwani ya kumsaidia. Akikutazama usoni, uso wako haupo, ila anaiona miti iliyo pembeni yako. Barabara anaishika kwa ukingo wake. Kilicho mbele ya gari hakioni.

Sasa nikwambie jambo usilolijua. Alhamisi ndiyo siku yake ya kuja dukani na posta. Basi, Alhamisi asubuhi bonde zima hukaa nyumbani. Hakuna aliyeitisha kikao. Halvor alianza, akasema ana ng'ombe mgonjwa. Mke wake akafuata. Sasa ukimwuliza yeyote, Alhamisi ana kazi zizini. Watoto hufungiwa ndani mpaka pikapu ipite. Sisi huku hatuingilii mambo ya mtu, na Orrin aliwazika wazazi wetu kwa jembe lake mwenyewe, nani atamwambia? Muungwana akivuliwa nguo huchutama.

Na jingine. Barua zako namsomea mimi hapa kaunta. Kila Alhamisi anapapasa mifuko, anasema, "Lo, miwani nimeisahau." Nami kila Alhamisi namwambia, "Si kitu, Orrin, lete." Majibu anaandika mwenyewe nyumbani.

Nilijua kuhusu bonde letu. Kuhusu mlima na mji wenu sikufikiria, na najilaumu. Lakini tangu bibi yako Signe afariki, ile pikapu ndiyo inayomtoa kitandani. Theluji inakuja, njia itafungwa. Mwache avuke majira ya baridi, tutaona masika. Usimwambie, mwanangu. Utamuua kabla ya gari.

Verna Yates


Stony Gap
14 Desemba

Maren,

Mama yako kanisimulia kwenye simu kuhusu barafu. Nani alikufundisha kutembea? Barafuni mtu hutembea kama bata, si kama malkia.

Mwombe mama yako radhi kwa niaba yangu. Nilipokuwa naondoka nililigonga pipa la taka karibu na daraja, nikalisikia likibiringika mtaroni. Nani mwenye akili anaweka pipa pale? Kioo cha pembeni cha gari kimepinda kama sikio.

Habari njema ni kwamba nimeongea na mama yako kuhusu Aprili. Yeye yuko kazini siku lori la mbwa linapopita, kwa hiyo nitakuja mimi. Nitawachukua wewe na mtawa wako, mtakaa mbele pamoja nami, twende mpaka huko mnakokabidhiana. Ukilia nitajifanya sioni. Mama yako amekubali.

Babu


Alder Ford
11 Januari 1987

Shikamoo Babu,

Bi. Verna, najua ni wewe unayesoma. Tafadhali usome mpaka mwisho.

Hatujambo. Theluji imefika madirishani. Hesabu nimepata alama nzuri kuliko zote, hata mwalimu alitazama karatasi mara mbili. Mama amepika ile mikate bapa ya viazi ya Bibi Signe na imeungua kama kawaida. Bega langu linapona. Tansy amekuwa mkubwa, kichwa kinafika gotini, na juzi alikaa kimya dukani wakati mtoto anamvuta masikio. Kwenye klabu tunafanya mazoezi ya lifti, na kwa kuwa hapa hakuna jengo lenye lifti tunatumia kabati la mifagio, tunaingia, tunafunga mlango, tunahesabu, tunatoka. Bi. Pruitt anasema sote tumefaulu isipokuwa kijana mmoja aliyeogopa giza, na huyo si mbwa.

Nimejaza karatasi nzima kwa sababu naogopa kuanza ya pili. Sasa naianza.

Babu, lile halikuwa pipa. Lilikuwa bega langu. Mimi na Tansy ndio tulioangukia mtaroni. Nilikupungia mkono na wewe ukaniinulia kidole, na ulikuwa unatabasamu, na mpaka leo nikifumba macho nakiona hicho kidole kinapanda juu ya usukani.

Najua macho yako yamefikia wapi. Usiulize nani aliniambia. Najua hukukusudia. Nakupenda kuliko mtu yeyote baada ya Mama. Lakini nakuogopa, Babu. Sijawahi kukuogopa maishani, hata uliponifundisha kupanda farasi yule mwendawazimu. Sasa nikisikia pikapu yoyote nakwama nilipo, na Tansy analala chini, na tunabaki pale wote wawili njiani kama magunia.

Juzi nilimpeleka kwa Bi. Pruitt barabarani, makusudi, aone. Lori la maziwa likapita. Tansy akaanguka chini, akajikojolea.

Bi. Pruitt akaniuliza, "Hii imeanza lini?"

"Baada ya Shukrani. Gari lilitukosakosa."

"Na dereva ni nani?"

"Sikumwona vizuri."

Akasema, "Maren, yule anayemsubiri mbwa huyu angekufa naye." Nikasema ndiyo, ndiyo maana nimemleta. Nililia hadharani na kamasi zikatoka. Nilikuwa nimewaza miezi yote juu ya mtu mmoja asiyeona huko mbali, mjini, ambaye siku moja angeshika kamba ya Tansy. Nikawa namlinda huyo. Na huku wewe unaendesha gari.

Aprili usije. Sitapanda. Afadhali unichukie uwe hai. Acha gari, Babu. Nakuomba. Acha.

Maren


Stony Gap
25 Januari

Maren,

Hongera kwa hesabu, umemrithi bibi yako, mimi nahesabu ng'ombe tu. Hilo la kabati la mifagio limenichekesha njia nzima. Mwambie mama yako viazi vinataka moto mdogo.

Theluji imepungua mlimani mapema mwaka huu. Kama hali itaendelea hivi nitakuja hata kabla ya Aprili, nikae nanyi siku mbili tatu. Kioo cha gari nimekifunga kwa waya.

Babu


Alder Ford
2 Februari

Bi. Verna,

Umemsomea au hukumsomea?

Kama alisikia yote na akanijibu viazi, basi sina babu. Kama hakusikia, wewe ni mwongo, na mnamfukia akiwa hai huku mnajiita waungwana. Amesema anakuja kabla ya Aprili. Kila gari linaloshuka kilima nakimbilia dirishani. Tansy yuko chini ya kitanda changu na hataki kutoka.

Nimemwambia Mama kila kitu. Akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Jumamosi anakuja huko. Mwambieni Babu ninyi kwanza, kabla hajaambiwa na binti yake akiwa amesimama mlangoni.

Maren


Stony Gap
6 Februari

Maren mjukuu wangu,

Huu ni mkono wa Verna. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia akibadilisha neno nitajua.

Jana Alhamisi nilikuja posta kama kawaida. Ile barua yako ya Januari ilikuwa ingali mfukoni mwa koti langu. Macho yamenikimbia lakini vidole vipo. Siku ile Verna alinisomea karatasi moja, akanirudishia bahasha, na nikashika karatasi tatu. Nikajiambia hizo nyingine ni picha za mbwa, umenichorea, Verna kaona haya kuniambia kwa kuwa siwezi kuziona. Nikazibeba wiki na wiki. Jana nikaziweka kaunta nikasema, "Verna, hizi nyingine zinasemaje?"

Akanyamaza. Tangu nimfahamu Verna Yates hajawahi kunyamaza. Nikajua si picha.

"Soma," nikamwambia.

"Orrin, kaa kwanza."

"Nimekaa miaka yote. Soma."

Akasoma. Alipofika kwenye kidole nilimwambia asimame kidogo. Kisha akaendelea mpaka mwisho. Halafu akanisomea na ile uliyomwandikia yeye, pamoja na pale ulipomwita mwongo, na neno hilo alilisoma kwa sauti.

Mjukuu wangu, nilikusalimia. Hilo ndilo haliniachi. Kwa muda mrefu sasa nikipita barabarani nainua kidole kwa kila kitu chenye kivuli, nguzo, ng'ombe, sanduku la barua, nisije nikampita mtu bila salamu akasema Orrin kaanza kuringa. Ulikuwa kivuli, nikakisalimia. Nikasikia kishindo nikasema pipa. Nikaenda nyumbani nikala kipande cha pai alichonifungia mama yako. Nikakifurahia.

Nisamehe. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo na Verna naye halijui.

Nikamuuliza pia mbona Alhamisi barabara imekuwa kimya. Nilidhani bonde limekwisha, wazee wamekufa mmoja mmoja na mimi sikuambiwa misiba. Nilikuwa narudi nyumbani naona uchungu kwamba hakuna wa kunirudishia salamu. Kumbe wote walikuwa nyuma ya mapazia. Nimekasirika sana. Walinipenda kwa kunikimbia. Wewe peke yako ulisimama barabarani.

Naogopa, Maren. Naandikisha hivyo ili iwe imesemwa. Naogopa asubuhi ambayo hata kando kutafungwa. Naogopa kuwa kifurushi. Nilikuwa nawasha gari ili nisiisikie hofu hiyo, nikaimwaga juu yako na juu ya mnyama asiye na kosa. Nilikwambia mbwa haogopi mpaka mtu amwogopeshe. Ndiye mimi huyo mtu.

Jana nilirudi nyumbani kwa miguu, nimeshika seng'enge ya Halvor kwa mkono mmoja na Verna kwa mwingine. Pikapu iko nyuma ya posta na kuku wa Verna wameshaanza kuikagua. Ufunguo ni huo ndani ya bahasha. Kaa nao wewe. Usiurudishe hata nikikuomba. Nitakuomba.

Mama yako na aje Jumamosi. Nitakuwa mlangoni.

Babu yako,
Orrin


Alder Ford
29 Machi

Shikamoo Babu,

Umeshaniomba mara mbili, na mara mbili jibu ni hapana. Ufunguo uko mahali ambapo hata Mama hapajui.

Jibu la shule ya mbwa limekuja. Bi. Pruitt alimpeleka Tansy mji mkubwa, wakamjaribu barabarani mbele ya mabasi, akalala chini, hakuinuka mpaka walipombeba. Wamemwondoa. Bi. Pruitt aliniambia mlangoni, hata hakuingia ndani, akaniambia na utaratibu wao: mbwa akiondolewa, aliyemlea ndiye anayeulizwa kwanza kama anamtaka.

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Kisha nikakumbuka mahali tunapoishi, malori ya mbao yanapita chini ya dirisha mchana kutwa. Akibaki hapa atakaa chini ya kitanda maisha yake yote. Kwako gari hupita moja moja.

Sikuletei mbwa kiongozi, Babu, usije ukamtegemea kuvuka hata njia ya kuku. Nakuletea mwoga. Utamtaka? Anaruhusiwa kulala kitandani sasa.

Maren


Stony Gap
10 Mei

Maren,

Mkono ni wa Verna tena, na anajitia kuchoka.

Mbwa wako hajambo. Nyama anakula. Utawa umeisha siku ya kwanza, usiniulize nani aliyemshawishi. Kitanda ananigawia robo.

Tangu mlipoondoka hakutaka kutoka uani, na mimi, niseme kweli, sikutaka pia. Tulikuwa tunakwenda mpaka mlangoni, tunasikiliza, tunarudi. Verna akatutukana wote wawili. Basi Alhamisi hii akatuchukua mpaka langoni, pale njia yangu inapokutana na barabara, akatusimamisha kama wageni wanaosubiri bibi harusi.

Bonde zima lilikuwa limetoka. Sijui nani kawaambia, Verna anasema si yeye, nawe unajua thamani ya neno lake. Walikuwa wanapita mmoja mmoja, polepole, na Verna ananitajia. "Huyo Halvor. Huyo mkewe, kapaka nywele rangi, usimsifu. Hao ni watoto wa shule." Nami nainua kidole kwa kila mlio. Safari hii najua nani ninamsalimia.

Gari la kwanza lilipokaribia, Tansy alilala chini. Nilimsikia akitetemeka juu ya buti langu. Nikataka kumwambia atulie, nikakumbuka mdomo wangu na maneno yake. Maana na mimi lilinitisha. Mlio unakuja, hujui uko upande gani, hujui kama dereva anakuona. Nikajua hivyo ndivyo ulivyosimama pale karibu na daraja na koti lako jekundu. Nikakaa chini kwenye tope pembeni yake, Verna akapiga kelele kuhusu suruali, nikamshika mbwa shingoni, tukatetemeka pamoja mpaka likapita. Likaja jingine, tukatetemeka tena. Hakuna aliyesimama kutucheka. Halvor alizima injini kabisa akaliacha gari lake literemke kimya.

Magari ya mwisho mwisho hakulala. Alikaa, ameniegemea kwa uzito wake wote, masikio yamesimama, hivyo ndivyo Verna anavyosema. Mimi niliusikia ule uzito tu.

Walisema hatavuka barabara na mtu asiyeona, na ni kweli, hatukuvuka. Tulikaa langoni. Alhamisi ijayo tutakaa tena. Njoo shule ikifungwa, uje na koti lile, Verna ataniambia unapotokea.

Babu yako,
Orrin

Maren mwanangu, ni mimi Verna. Nimeandika yote aliyosema, hata lile la neno langu. Na barua yako ya Jumatatu nimemsomea mpaka mwisho, karatasi zote. Alizihesabu kwanza.